Tetemeko Huchoka Njiani: Jinsi Miamba ya Bonde la Ufa Inavyomeza Nguvu ya Mawimbi ya Ardhi

Tetemeko moja la ardhi likipita usiku, wakazi wa kaunti moja huamka na habari tofauti. Aliye karibu na mahali lilipoanzia husema vyombo viligongana kabatini na vioo vya madirisha vikalia kwa kasi. Aliye mbali kidogo, katika ghorofa ya juu mjini, husema hakusikia kishindo chochote, ila alihisi kitanda kikiyumba polepole. Aliye mbali zaidi hakujua lolote mpaka aliposikia redioni.

Hakuna kati yao anayesema uongo. Tetemeko lilikuwa lile lile, lakini lilibadilika njiani. Kadiri mawimbi yake yalivyosafiri ndani ya miamba ndivyo yalivyopoteza nguvu, na hayakuipoteza kwa kiwango kimoja. Makala haya yanaeleza jinsi nguvu hiyo inavyopotea, jinsi wataalamu wanavyoipima, na kwa nini kipimo hicho kinamhusu mkazi wa Kaunti ya Nakuru, awe anaishi Subukia, Bahati, Gilgil, Naivasha au jijini Nakuru.

Tetemeko la mwaka 1928

Kaunti hii ina historia yake. Tarehe 6 Januari 1928, bonde la Subukia lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa nchini Kenya. Ardhi ilipasuka chini ya ukingo wa Laikipia kwa urefu wa takriban kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko mwingine.

Wakati huo Nakuru ulikuwa mji mdogo. Leo ni jiji, hadhi uliyopewa Desemba 2021, na majengo ya ghorofa yanaongezeka kila mwaka. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: tetemeko la namna ile likitokea tena, ni nguvu kiasi gani itakayofika kwenye msingi wa nyumba yako? Sehemu kubwa ya jibu imo katika miamba iliyo kati ya nyumba hiyo na mahali ardhi itakapopasuka.

Mawimbi ya aina mbili

Mwamba unapokatika chini ya ardhi, hutoa mawimbi kila upande. Yapo mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya ardhi.

Ya kwanza huitwa mawimbi P. Haya husukuma na kuvuta mwamba kuelekea upande yanakokwenda, mfano wa behewa za treni zinapogongana moja baada ya nyingine. Ndiyo yenye kasi zaidi, kwa hiyo hufika mapema.

Ya pili huitwa mawimbi S. Haya hutikisa mwamba kando kwa kando au juu na chini, kama kamba inayochezeshwa na watoto. Huja nyuma ya mawimbi P, na mara nyingi ndiyo yanayotikisa nyumba zaidi. Mawimbi S yana sifa moja ya kukumbukwa: hayawezi kupita ndani ya kitu kilicho kimiminiko. Yakikutana na mwamba ulioyeyuka, hukwama, na yakipita kwenye mwamba ulioanza kulainika kwa joto, hutoka yakiwa yamedhoofika.

Njia tatu za kupoteza nguvu

Mawimbi hudhoofika kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kutawanyika kwa nafasi. Ukitupa jiwe katika Ziwa Naivasha, duara la mawimbi hupanuka na kimo chake hupungua, kwa sababu nguvu ile ile sasa inagawanywa katika duara kubwa zaidi. Hapa mwamba haujala chochote. Ni mgao tu umekuwa mwembamba.

Sababu ya pili ni kumezwa na mwamba. Mwamba una chembe nyingi zilizobanana, na kati yake mna nyufa ndogo zenye maji, mvuke au gesi. Wimbi linapopita, chembe husuguana na maji husukumwa huku na huku ndani ya nyufa. Msuguano huo hugeuza sehemu ya nguvu ya wimbi kuwa joto. Nguvu hiyo hairudi tena.

Sababu ya tatu ni kupotoshwa njia. Mawimbi yakikutana na nyufa kubwa, mabonge ya lava ya zamani au tabaka za majivu ya volkano, baadhi hurudi nyuma na mengine huenda pembeni. Nguvu haijaisha, lakini haiendi tena moja kwa moja kuelekea ilikokuwa ikienda.

Mitikisiko ya kasi ndiyo hudhoofika mapema zaidi. Jambo hili linajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa mbali na mkutano wa injili au sherehe yenye spika kubwa. Akiwa karibu husikia kila kitu: gita, kayamba na maneno ya mwimbaji. Akiwa kilomita 2 mbali, hubaki na besi peke yake. Mlio mwembamba, ambao hutikisika mara nyingi kwa sekunde, umepotea njiani. Mlio mzito umefika. Tetemeko nalo huwa hivyo, na ndiyo sababu aliye karibu huhisi mtikisiko wa haraka na aliye mbali huhisi kuyumba.

Kipimo kiitwacho Q

Wataalamu hupima uwezo wa mwamba kuhifadhi nguvu ya wimbi kwa namba inayoitwa Q. Q kubwa ina maana kwamba mwamba unahifadhi nguvu vizuri na wimbi husafiri mbali. Q ndogo ina maana kwamba mwamba unaimeza nguvu haraka.

Q inaeleza kinachopotea katika kila mtikisiko mmoja kamili, yaani kwenda na kurudi mara moja. Mwamba wenye Q ya 200 humeza takriban asilimia 3 ya nguvu ya wimbi kwa kila mtikisiko. Mwamba wenye Q ya 50 humeza takriban asilimia 12.

Mfanyabiashara anayesafirisha viazi anaweza kulielewa hili kwa mfano wa vizuizi vya sesi. Tuseme kila kizuizi kinatoza asilimia fulani ya mzigo uliobaki. Anayepita vizuizi 20 atafika sokoni na mzigo mkubwa kuliko anayepita vizuizi 100, hata kama walianza sawa. Kila mtikisiko ni kizuizi kimoja. Wimbi linalotikisika mara 1 kwa sekunde, likisafiri sekunde 20, limetozwa mara 20. Linalotikisika mara 5 kwa sekunde limetozwa mara 100 katika muda huo huo.

Mfano wa hesabu

Chukua mawimbi S yanayosafiri kilomita 3.5 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida katika miamba ya kina kirefu. Yakienda umbali wa kilomita 70, yatatumia sekunde 20. Tukiacha kando kutawanyika kwa nafasi, kimo cha wimbi kitakachobaki ni hiki:

Mwamba wenye Q ya 200:
- mtikisiko wa mara 1 kwa sekunde: hubaki takriban asilimia 73
- mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde: hubaki takriban asilimia 21

Mwamba wenye Q ya 50:
- mtikisiko wa mara 1 kwa sekunde: hubaki takriban asilimia 28
- mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde: hubaki chini ya asilimia 1

Sasa rudia hesabu ya mwisho kwa umbali wa kilomita 10 badala ya 70. Mwamba ni ule ule wenye Q ya 50, na mtikisiko ni ule ule wa mara 5 kwa sekunde. Safari hii hubaki takriban asilimia 41. Mwamba ulioonekana kuwa ngao imara kwa aliye mbali hauna muda wa kumkinga aliye karibu.

Kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kuikagua hesabu hii kwa kikokotoo: zidisha 3.142 kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde, kisha kwa sekunde za safari, halafu gawanya kwa Q. Weka alama ya kutoa mbele ya jibu hilo, kisha bonyeza kitufe cha e chenye kipeo x. Jibu likizidishwa kwa 100 ndilo asilimia iliyobaki.

Wataalamu hupimaje?

Hakuna anayeweza kuteremka kilomita 10 chini ya ardhi na kifaa mkononi. Q hupimwa kwa kusikiliza kutoka juu, kwa vifaa vya kurekodi mitikisiko. Vifaa hivyo huwekwa juu ya mwamba imara, mbali na barabara kuu, kwa sababu malori na hata miti inayopepewa na upepo hutikisa ardhi na kuharibu rekodi. Kenya ina kituo cha kimataifa cha kurekodi matetemeko huko Kilima Mbogo, upande wa Thika.

Njia ya kwanza hutumia vituo viwili vilivyo katika mstari mmoja na mahali tetemeko lilipoanzia, kimoja karibu na kingine mbali. Kazi hufanywa kwa hatua nne:

1. Rekodi za vituo vyote viwili hugawanywa kulingana na kasi ya mitikisiko, kama mtu anayetenga sauti za kwaya.
2. Upungufu unaotokana na kutawanyika kwa nafasi huondolewa kwa hesabu, maana huo si kosa la mwamba.
3. Kimo cha mitikisiko katika kituo cha mbali hulinganishwa na kile cha kituo cha karibu, kwa kila kasi ya mtikisiko.
4. Matokeo huchorwa kwenye grafu. Mstari ukiteremka ghafla kuelekea mitikisiko ya kasi, Q ni ndogo. Ukiteremka taratibu, Q ni kubwa.

Njia ya pili inahitaji kituo kimoja tu. Baada ya mawimbi makuu kupita, ardhi haitulii mara moja. Hubaki ikitetemeka kwa sekunde nyingi, mtetemo ukififia kidogo kidogo. Huo ni mkia wa tetemeko. Hutokana na mawimbi yaliyogonga nyufa na mabonge ya miamba yakarudi yakiwa yamechelewa, kama radi inavyoendelea kunguruma milimani baada ya mlio wa kwanza. Mwanasayansi mzaliwa wa Japani, Keiiti Aki, alionyesha katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba namna mkia huo unavyofifia hueleza Q ya eneo zima lililokizunguka kituo. Mkia unaokatika haraka ni dalili ya mwamba unaomeza nguvu nyingi.

Tetemeko moja halitoshi kutoa jibu. Udongo ulio chini ya kituo, kina cha tetemeko na upande ambao mwamba ulikatikia vyote huingia katika rekodi. Kwa hiyo wataalamu hukusanya matetemeko mengi, makubwa na madogo, na kutafuta wastani.

Mwamba baridi na mwamba moto

Tofauti ya Q kati ya eneo na eneo huonekana wazi nchini Marekani. Tarehe 23 Agosti 2011, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilitokea jimbo la Virginia, mashariki mwa nchi hiyo, na lilihisiwa hadi Kanada. Tetemeko la ukubwa wa 6.0 lililotokea Parkfield, California, Septemba 2004, halikuhisiwa mbali kiasi hicho, ingawa lilikuwa kubwa zaidi. Miamba ya mashariki ni mikongwe, baridi na imeshikana vizuri. Miamba ya California imekatwakatwa na nyufa na ina joto zaidi.

Kenya ina pande zote mbili. Sehemu za Nyanza zimekaa juu ya miamba mikongwe sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo inaendelea hadi Tanzania. Bonde la Ufa ni tofauti. Hapa ganda la dunia linavutwa na kukonda. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliojulikana kama KRISP, uliotumia milipuko ya makusudi na mistari mirefu ya vifaa vya kurekodi, ulionyesha kwamba ganda hilo lina unene wa takriban kilomita 35 chini ya eneo la Naivasha, na takriban kilomita 20 tu chini ya eneo la Turkana. Chini yake kuna joto kali. Mawimbi yanayokatiza bonde hili hudhoofika haraka kuliko yanayopita katika miamba mikongwe ya magharibi.

Faida kwa jotoardhi

Hasara ya wimbi ni faida ya mtafuta mvuke. Mahali mawimbi S yanapopotea ghafla, huenda chini yake kuna mwamba moto sana au ulioyeyuka, na joto hilo ndilo linalochemsha maji ya kuendesha mitambo ya umeme.

Katika eneo la Olkaria, Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, wanasayansi walirekodi vitetemeko vidogo vingi ambavyo mwananchi hawezi kuvihisi. Walipofuatilia njia za mawimbi S, waligundua sehemu ambazo mawimbi yalitoka yakiwa hafifu. Sehemu hizo zilionyesha palipo na chanzo cha joto, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Huko Menengai, visima kadhaa vilivyochimbwa vilifikia mwamba ulioyeyuka katika kina cha takriban kilomita 2.

Hata hivyo Q ndogo peke yake si ushahidi kamili. Nyufa nyingi zilizojaa maji zinaweza kutoa dalili inayofanana. Kwa kuwa kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, wataalamu hulinganisha kipimo hiki na vipimo vingine vya ardhi kabla ya mtambo wa kuchimba kuletwa.

Somo kwa mwenye nyumba

Hapa ndipo kipimo cha Q kinapoingia katika ploti ya mwananchi. Wahandisi hukitumia kukadiria mtikisiko utakaofika mahali fulani, na jengo husanifiwa kwa makadirio hayo. Yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Jambo la kwanza: joto la Bonde la Ufa halimkingi aliye karibu na ufa. Kama hesabu ilivyoonyesha, mitikisiko ya kasi hupotea kwa safari ndefu, si kwa safari fupi. Mitikisiko hiyo ya kasi ndiyo huumiza zaidi nyumba fupi ngumu, kama zile za mawe zisizo na vyuma wala mkanda wa zege juu ya kuta.

Jambo la pili: aliye mbali naye asijione salama. Mitikisiko ya polepole hufika mbali, na majengo marefu huyumba kwa mwendo huo huo wa polepole. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lililoanzia pwani ya Meksiko liliangusha majengo mengi katika jiji la Mexico City, lililo zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, na maelfu ya watu wakafa. Majengo ya ghorofa za kati ndiyo yaliyoumia sana.

Jambo la tatu: udongo laini unaweza kurudisha kimo cha wimbi ambacho mwamba umekipunguza. Sehemu ya Mexico City iliyoharibika zaidi imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Wimbi linapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia udongo laini hupunguza mwendo, na kimo chake hupanda. Katika kaunti hii, maeneo mengi ya kando ya maziwa na tambarare yamefunikwa na mashapo ya ziwa na majivu ya volkano. Majirani wawili wanaweza kuwa umbali sawa kutoka kwenye ufa, lakini aliye juu ya mwamba akatikiswa kidogo kuliko aliye juu ya majivu.

Kwa hiyo anayepanga kujenga anashauriwa:

- kupima udongo wa ploti kabla ya kuchora ramani ya jengo, hasa jengo la ghorofa;
- kumtumia mhandisi aliyesajiliwa na kupata idhini ya ramani kutoka kwa kaunti kabla ya fundi kuanza msingi;
- kuhakikisha kuta zimefungwa pamoja kwa mkanda wa zege wenye vyuma, na nguzo zimeshikana vyema na slabu;
- kutoongeza ghorofa juu ya msingi uliokusudiwa nyumba ya chini.

Ndani ya nyumba, kabati nzito zifungwe ukutani na mitungi ya gesi isiwekwe mahali pa kuangukiwa. Tetemeko likianza, aliye ndani ainame, ajifunike chini ya meza imara na aishikilie mpaka mtikisiko uishe. Aliye nje akae mbali na kuta na nyaya za umeme.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini aliye mbali na tetemeko huhisi kuyumba polepole badala ya mtikisiko wa haraka?
2. Mwamba wa Q ya 50 na wa Q ya 200, upi unameza nguvu ya wimbi haraka zaidi?
3. Kwa nini mawimbi S huwasaidia watafutaji wa jotoardhi kuliko mawimbi P?
4. Nyumba mbili ziko umbali sawa kutoka kwenye ufa. Taja sababu moja inayoweza kufanya moja itikiswe zaidi.

Majibu: (1) Mitikisiko ya kasi humezwa kwanza njiani, ya polepole ikabaki. (2) Wa Q ya 50. (3) Mawimbi S hayapiti katika mwamba ulioyeyuka na hudhoofika sana katika mwamba uliolainika kwa joto. (4) Moja imejengwa juu ya udongo laini na nyingine juu ya mwamba.